Meno ya Bwana Afya

Siku ile tuliyomcheka bwana afya mbele ya tangi la maji naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka uso huniwaka hata nikiwa peke yangu chooni. Usishangae mzee kuona haya kwa jambo la ujana. Meno hung'oka, nywele hukimbia, haya inabaki palepale.

Mbagala ya wakati ule si hii ya kelele. Ilikuwa mikorosho, minazi na mashamba ya mihogo, na maji tuliyokunywa yalikuwa ya visima vya kuchimba kwa jembe, rangi yake kama chai ya maziwa. Baada ya Azimio la Arusha tukaambiwa tujitegemee. Basi tukachimba mtaro sie wenyewe, wanaume kwa wanawake, serikali ikaleta pampu, mabomba na saruji ya tangi. Mie nikachaguliwa kuwasha pampu. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la pili, maana fimbo ya mwalimu ilinipenda kuliko mwalimu mwenyewe, lakini pampu ile niliijua kwa mlio wake. Nikavimba kichwa. Kijana mwenye ufunguo wa maji, nani hamsalimii?

Dawa ya maji ilikuwa kazi ya bwana afya. Aliitwa Ndugu Elirehema, Mmeru wa Arusha, akija kwa baiskeli kutoka zahanati ya Temeke. Alileta unga mweupe ndani ya kopo, akanifundisha kuukoroga kwenye chungu chenye tundu ili utone polepole tangini, usizidi wala usipungue. Kisha alichota maji kwa kichupa, akayatia dawa yake nyingine, akakiinua juani kutazama rangi. Mtu mpole. Akizungumza alikuwa akiweka kiganja mbele ya mdomo, kwa sababu meno yake yalikuwa ya kahawia, yana madoa na vishimo kama mahindi yaliyoingiwa na fukusi.

Watu hawakuipenda dawa ile. Chai inanuka, walisema, wali unanuka. Wengine wakanong'ona kwamba inafunga uzazi. Bwana afya akaomba mkutano pale tangini aeleze. Masika inakaribia, alisema, na masika uchafu hupenya kila mahali, kwa hiyo dawa isikatishwe.

Ngoja kwanza nikueleze utani, maana vijana wa siku hizi kila matusi mnayaita utani. Sie Wazaramo tuna watani wetu, Wanyamwezi na wengineo. Babu yangu alipozikwa, jirani yetu Mnyamwezi aliingia kaburini akalala chali, akasema hatoki mpaka marehemu arudishe jogoo aliyemla. Watu walicheka machozi yakiwatoka. Msiba ukawa mwepesi. Ndiyo kazi ya utani hiyo. Na mie nilikuwaga hodari wa mambo hayo, nikasifiwa mno, na aliyezoea vigelegele huvitafuta hata pasipo na ngoma.

Basi bwana afya anaeleza, kiganja mdomoni, mie nikapaza sauti:

"Ndugu bwana afya, toa mkono tukusikie! Au unaficha mafiga ya jikoni humo mdomoni?"

Wakacheka. Kicheko kikanipanda kichwani kama tembo la mnazi.

"Jamani, mganga hajigangi! Maji ya kwao yamemharibu meno hivi, leo anakuja kutuganga sie! Tukiinywa dawa yake si sote tutacheka kwa viganja?"

Watu walivunjika mbavu. Mama mmoja alikaa chini kabisa, khanga usoni. Mwingine akadakia, "Aende na kopo lake!" na wengi wakaitikia.

Bwana afya hakukasirika. Alifunga kopo, akalikaza kwenye keria ya baiskeli. "Mkinihitaji nipo Temeke," akasema. Kamati yetu ya maji ikaamua dawa isimame.

Shangazi yangu Bi Zena, aliyenilea, hakucheka. Njiani akaniuliza:

"Yule ni mtani wako?"

"Shangazi nawe, mzaha tu ule."

"Nimekuuliza. Ni mtani wako?"

"Hapana."

"Basi umemtukana. Mtani ukimchoma naye ana haki ya kukuchoma. Yule yu peke yake ugenini, atakujibu kwa kinywa gani, na kinywa chenyewe ndicho ulichokicheka? Nenda kamtake radhi."

Nikasema nitakwenda. Kesho, nikasema. Ile kesho naingoja mpaka leo, haijafika.

Masika ikaja. Mitaro ikafurika, vyoo vikafurika, bomba nalo lilikuwa na ufa, uchafu ukapata njia. Matumbo yakaanza kuendesha nyumba kwa nyumba. Binti wa Shangazi, Mwajuma, ndiyo kwanza kaachishwa ziwa, akalegea kama kitambaa kilicholowa, macho yakazama. Shangazi hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alimfunika mtoto mapajani, akasema:

"Nenda Temeke."

Nikaenda, tope magotini, nikitunga maneno ya kuomba radhi. Nilipomkuta yakayeyuka yote. Nikasema, "Shikamoo, bwana afya." Sikuwahi kumwamkia hivyo hata siku moja.

"Marahaba. Nani anaumwa?"

Hakuuliza lingine, tukarudi wote Mbagala. Alimpakia Shangazi na mwanawe kwenye baiskeli, akaikokota mpaka zahanati, kisha akarudi tangini na kopo lake. Mwajuma alipona. Mtoto wa nyumba ya pili, Mungu amrehemu, hakupona. Na mama yake ni yule aliyekaa chini kwa kicheko changu.

Tulipokuwa tunakoroga dawa, mie nimeshika chungu, bwana afya akasema bila kuulizwa:

"Kwetu maji ya mlimani yana madini yaliyozidi. Ukiyanywa utotoni meno huwa hivi. Mdogo wangu yalimpinda miguu. Na madini hayohayo, yakiwa kidogo, hulinda meno. Ziko nchi wanayatia majini kwa kipimo. Kwetu hapakuwa na wa kupima. Ndiyo maana niliiomba kazi hii."

Aliyasema mdomo wazi, bila kiganja. Mwenye haja ya kuficha uso nilikuwa mie. Nikafungua kinywa nimtake radhi, kikatoka nini? "Chungu kimejaa."

Hayo tu. Baadaye akahamishiwa bara, sikumwona tena.

Mwanangu, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Usimtanie asiye mtani wako, na kovu la mtu usilicheke kabla hujajua alilipataje. Anayekuja kupima maji ya mtaa wenu mpe kiti, mpe mkono, muulize usichokielewa. Dawa ikinuka, sema inanuka, lakini usiifunge kwa kuwafurahisha watu, maana wanaocheka nawe leo ndio utakaowazikia watoto kesho. Na radhi, mwanangu, itake siku ileile, ingali na joto.

Mola akujaalie maji safi mtungini na neno safi kinywani, na asikupe haya ya kuzeeka nayo kama hii yangu. Amin.