Wimbo Mrefu wa Kengele za Ng'ombe

"Ukate," aliniambia muuza nyimbo wa Tunduma, yule anayewajazia flashi madereva wa malori. "Mama, wimbo gani unapita dakika ishirini? Hapa katikati pametulia mno, mtu atadhani flashi imekufa."

Sikati, nikamwambia.

Bendi yetu ya roki inamzidi umri bwana huyo. Tumepiga harusini, kwenye baa, hata kwenye kampeni, na kote tuliombwa vitu vifupi vya kuchezeka. Tukavitoa. Safari hii tulitaka albamu yetu wenyewe: wimbo mmoja unaoanza na gitaa, ukabadili mwendo upendavyo, ukatulia hadi zikabaki kengele za ng'ombe alizoleta mpiga ngoma wetu kutoka kwao Kamsamba, kisha besi yangu ikauinua tena. Ukikata katikati, besi inainua nini?

Kiongozi wetu, mpiga gitaa, alikuwa ameanza kulegea. "Tumezeeka, dada," alisema. "Tuwape vipande, angalau tusikike." Niliumia. Miaka yote tumesikika tukipiga walichotaka wao! Nikamwomba asimkubalie muuzaji mpaka kesho yake.

Asubuhi nikaenda Mpemba, malori yanakojipanga kusubiri kuvuka mpaka. Kama kuna watu wenye muda wa kusikiliza wimbo mrefu, ni wale. Dereva wa kwanza alinicheka. Wa pili alitaka singeli. Wa tatu, Mzambia mtu mzima, alikuwa kwenye foleni tangu jana. Akanikaribisha nipande, akachomeka flashi yangu, akaegemea usukani.

Gitaa likapita, mwendo ukabadilika, naye bado ameegemea usukani. Nilikuwa namtazama usoni kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Zikafika kengele, na hapo hapo foleni ikasogea. Lori la mbele likaondoka. Nyuma yetu honi zikaanza, na mtu akatutukana. Nikanyoosha mkono kuchomoa flashi.

"Bamayo, wacha," akasema dereva, akiniita mama kwa Kibemba. "Haijaisha."

Akatoa mkono dirishani, akawaashiria wa nyuma wapite. Yeye, aliyelala barabarani akiigojea nafasi ile. Malori yakaanza kutupita, moja baada ya jingine, na besi yangu ikaingia.

Nikampigia kiongozi wetu, nikaisogeza simu kwenye spika, asikie besi, azisikie na zile honi.

"Hatukati," nikamwambia.