Kitambaa cha msuli kwenye waya wa breki

Juzi nilikuwa gereji moja ya Ng'ambo nikisubiri kuzibiwa pancha, akaingia mama mmoja na gari kuukuu. Taa ya ABS, ile ya breki, ilikuwa inamsumbua tangu mwaka jana.

"Sensa ya tairi nimebadilisha mara mbili, fundi, na bado taa inawaka."

Fundi, mtu wa makamo, hakugusa mashine ya kupimia. "Inawaka ukiwa wapi, mama?"

"Kule Itetemia, nikikata kona kushoto kuingia shambani kwetu."

Fundi akakata usukani wote kushoto, akaingia chini ya gari. "Waya wa sensa unavutika tairi likigeuka! Nani kaufunga na kitambaa?"

"Mume wangu. Ulikuwa unaning'inia." Akainama kuutazama. "Marehemu."

Fundi alitoka, akafuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Kafunga vizuri, mama. Ila kakaza mno."

Alikikata kitambaa, akaubana waya upya kwa kuuachia nafasi. Wakaenda kulijaribu gari, kona zote za kushoto, wakarudi taa haijawaka. Fundi alipotaka kukitupa kile kitambaa, mama alinyoosha mkono. Kilikuwa kipande cha msuli wa bluu, ule wa kiume wa kujifunga kiunoni. Akakinusa.

"Kinanuka grisi tu," akasema, lakini akakikunja taratibu na kukitia kwenye pochi.

Nilipofika nyumbani nililala chini ya gari langu, nikatazama. Kila waya umebanwa na fundi, tena vizuri; hakuna hata mmoja uliofungwa kwa kitambaa. Sijui kwa nini nilisikitika.