Chumvi ya Babu Mhunzi

Jembe lilikatika kwa mlio mdogo, tap, kama kijiti kikavu, na bamba lake likaruka likapita karibu na mkeka aliokalia mwanangu mdogo. Jembe jipya, halijamaliza hata wiki! Nikamfunga mtoto mgongoni, nikashika vile vipande viwili, nikaenda moja kwa moja kwa fundi wa kuchomelea pale barabarani Newala, aliyeniuzia. Maneno ya kumwambia nilikuwa nayo tayari mdomoni, na hayakuwa mazuri.

Nikamkuta kainamia geti la mtu, cheche zinaruka. Nikamwita, kimya. Nikamwita tena, kimya. Hapo harufu ya chuma cha moto ikanijaa puani, na mimi niliyekuja kugomba nikajikuta nimesimama namkumbuka babu yangu, mzaa mama.

Babu alikuwa mhunzi kule Chiungutwa. Hakuwa na umeme wala vijiti vya kuchomelea. Alikuwa na fuawe ya kupondea chuma, nyundo, koleo, mkaa, na bibi yangu, ambaye alikaa chini akavuta mivukuto ya kupulizia moto huku akimkosoa. Ukutani alitundika kipande cha mnyororo, na wajukuu tukienda kumsalimia alitupa tupatafute pale kiungo kilipoungwa. Tulipapasa mpaka vidole vikawa vyeusi. Hatukupaona. Babu alicheka mpaka akakohoa.

Nilikuwa na miaka sita hivi mnyororo wa kisima cha kanisa ulipokatika. Kisima kile kilikuwa kirefu na ndoo yake nzito ya bati, na kesho yake ilikuwa sikukuu, wageni wanakuja kutoka Lulindi na Nanganga. Bila mnyororo, hakuna maji ya kupikia wala ya kunywa. Mzee wa kanisa akauleta mwenyewe, akakaa kwenye kigoda karakanani kwa babu akisubiri.

"Ikishindikana, mzee mwenzangu, tuambie mapema," alisema. "Siku hizi kuna kamba za nailoni."

Nilimwona bibi akivuta mivukuto kwa nguvu zaidi. Kwa mhunzi, maneno yale yalikuwa sawa na kumwambia nenda ukalale.

Mimi nilikuwa nimetumwa na mama kupeleka uji, na hayo niliyasikia nikiwa mlangoni. Nikaingia na kibuyu changu wakati babu anakitoa kiungo motoni, cheupe kinametameta, kinatoa vinyota. Mama alinifundisha kwamba ukimkuta mkubwa unapiga goti, unasalimia, hata kama nyumba inaungua. Nikapiga goti.

"Shikamoo babu!"

Babu akageuka. Akanitazama, akatabasamu na jasho lake lile. "Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Kisha akapiga nyundo. Kiungo kikaachana, vipande viwili, kila kimoja kivyake.

Mzee wa kanisa akaguna. "Naona mkono umezeeka."

"Mkono mzima," babu akasema. "Mkaa ndio una unyevu."

Bibi aliinua kichwa. Mkaa ule aliuchoma yeye, akauanika yeye, na alikuwa akiujivunia kuliko watoto wake. Akamtazama babu, akanitazama mimi, akainama tena kuvuta mivukuto. Jioni ile hakumsemesha mumewe hata neno moja.

Babu akaniita karibu. "Mjukuu wangu, kimbia kwa mama yako uniletee chumvi. Bila chumvi kazi hii haiendi."

Nilikimbia kama nimetumwa na kijiji kizima. Niliporudi na chumvi kiganjani, nusu imelowa jasho, mnyororo ulikuwa mzima, mzee wa kanisa anauvuta huku na huku kutafuta kosa na halioni. Babu akapokea chumvi yangu kwa mikono miwili. Akaweka punje chache ulimini, akasema, "Ahsante. Umetuokoa."

Kesho yake maji yalivutwa, na mimi nilizunguka kisimani nikiwatangazia wageni kwamba mnyororo ule umeungwa kwa chumvi yangu.

Nililiamini hilo mpaka sekondari. Mwalimu wa fizikia alikuwa akieleza jinsi zamani minyororo ya nanga na mikanda ya chuma ya magurudumu ilivyoungwa kwa moto na nyundo tu, na kwamba hata leo viwandani kuna mabomba ya maji yanayotengenezwa hivyo: ukanda wa chuma unapashwa moto, unakunjwa, kingo zinabanwa mpaka zinashikana. Shida ni muda, alisema. Ukitazama pembeni kidogo tu, chuma kimepoa, hakishiki. Nikanyoosha mkono. "Na chumvi, mwalimu."

"Chumvi? Babu yako alikuwa anaunga chuma au mchuzi?"

Darasa lilicheka wiki nzima. Likizo nikampelekea bibi malalamiko yangu. Babu alikuwa ameshafariki. Bibi alikuwa anapepeta mpunga, hakuacha.

"Chumvi alikutuma ili utoke. Ungerudi kumsalimia tena, na yeye angekuitikia tena. Alikuwa hawezi kukunyamazia." Akapuliza makapi. "Na mkaa wangu haukuwa na unyevu."

Fundi wa Newala alimaliza geti lake, akavua miwani. "Shikamoo mama. Samahani, nilikuwa katikati ya kazi."

"Shikamoo yako kaa nayo! Unaona hili jembe? Nusura linikatie mtoto! Wewe..."

"Shikamoo mama!"

Mwanangu mkubwa, anatoka shule, soksi moja imeshuka, daftari kichwani. Kaniona barabarani, kafurahi. Mdomo wangu ulikuwa wazi, na neno lililokuwa linafuata lilikuwa kali kuliko yote.

Nikageuka. "Marahaba, baba. Umeshindaje?"

"Nimeshinda salama."

Nilipomrudia fundi, neno lenyewe silioni tena. Jembe nilimwambia aliunge upya, hilo sikumsamehe, na nilisimama pale pale mpaka akamaliza. Nilisimama kimya, nisimsemeshe akiwa katikati ya kazi.