Nzohe Wangu na Korongo wa Zabroni

Siku niliyoripoti kazini Biharamulo tuliripoti wawili, mimi na Zabroni, Msukuma kutoka Shinyanga. Afisa Wanyamapori wa Wilaya alitupokea tukiwa bado na mabegi mkononi. "Mnyama hatangazwi kuwa yuko hatarini kwa sababu unamhurumia," alisema. "Niambieni walikuwepo wangapi, wamebaki wangapi, na mahali wanapoishi pamepungua kiasi gani." Hiyo ndiyo tathmini, na majibu yake ndiyo humpa mnyama daraja lake.

Baadaye tulihamishiwa Ngara sote, kwenye bonde la mafunjo upande wa Kanazi. Zabroni akapewa korongo, wale ndege warefu wenye taji la manyoya. Mimi nikapewa nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu zilizotanuka. Korongo husimama peupe, unawahesabu umekaa. Nzohe akisikia mtu huzama mpaka puani. Nilihesabu nyayo na kinyesi, matope kiunoni, mwenzangu akirudi na viatu vikavu.

Kamati ya wataalamu ilipokaa, korongo wakawekwa daraja la walio hatarini kutoweka. Nzohe wangu wakaandikiwa kwamba taarifa hazitoshi. Zabroni akaitwa Dodoma kueleza kazi yake. Nilimpa mkono wa pongezi, na siku hiyo chakula kilinishinda.

Nikamfuata mkuu wetu ofisini.

"Nzohe wanajificha, Konsolata," akasema.

"Ndiyo maana wapo hai, Mkuu."

"Na ndiyo maana kamati haiwezi kuwathibitisha."

Haukupita muda, wakulima wakataka kuchimba mitaro wakaushe bonde, walime maharage. Wakazuiwa kwa sababu ya korongo. Zabroni alinijia anacheka. "Dada, na nzohe wako wamepona." Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyonichoma zaidi. Wanyama wangu walikuwa wanaishi kwa jina la ndege wake.

Sasa nimestaafu, nina migomba yangu Kirushya. Vijana wa idara wakinikuta hunipa shikamoo, kisha huniuliza kama niliwahi kufanya kazi na Mzee Zabroni. Nawajibu kwamba tulianza siku moja. Nashukuru bonde lipo. Wivu nao upo, sitawadanganya.

Majuzi nilipita kule bondeni asubuhi. Nzohe jike alitoka kwenye mafunjo na ndama wake, wakasimama peupe, wakanitazama. Simu ilikuwa mfukoni, na namba ya Zabroni ninayo. Sikumpigia.