Siku Niliyowaliza Watu wa Kasulu kwa Ajili ya Jitu

Chekeni kwanza mmalize ndipo nianze, maana mkicheka katikati mtanipoteza, na aibu hii naijua kwa idadi: watu sabini na wawili waliishuhudia, na niliwahesabu mara mbili.

Kazi yangu ni kutafsiri sinema kwenye banda la video hapa Kasulu. Sinema inaongea Kikorea, inaongea Kichina, mimi nashika kipaza sauti nawaambia watu kinachosemwa (nisichokielewa nakitunga, na mpaka leo hakuna Mkorea aliyekuja kulalamika). Wananiita DJ Radi. Mwenye banda ni Hajati Mwanaidi, mama wa duka la vitenge, na wakati huo alikuwa anafungua banda jingine Kibondo, kubwa, lenye viti vya plastiki badala ya mabenchi yetu haya yanayochana suruali. Alikuwa anatafuta mtafsiri wa huko.

"Radi mwanangu," akaniambia, "Jumamosi nitakuja nikae nyuma nikusikilize. Ukiwashika watu mpaka mwisho, Kibondo ni yako."

Niliitaka Kibondo hiyo mpaka nikaanza kuwaaga majirani.

Mtu mwenye akili angeweka sinema ya ngumi, watu wakafurahi, yakaisha. Mimi nikataka kitu kipya. Alhamisi nikiwa sokoni kwenye mitumba ya Shabani nikakiona chini ya rundo la makoti: kitabu cha michoro, kinene kama tofali, maandishi yake Kifaransa, lugha ambayo mimi najua kusema "bonjuu" tu. Shabani amekulia Tanga, jirani na Wahindi, akakipekua akatikisa kichwa.

"Hii wamechora Wajapani," akasema, "lakini visa ni vya miungu ya Kihindi. Ona huyu kijana wa bluu, mikono sita."

Nikahesabu, sita. Nikahesabu tena maana mmoja ulijificha nyuma ya upinde. Sita.

"Na kwa imani yao," akaongeza, "mtu akifa anazaliwa upya."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonimaliza. Tukavutana bei mpaka akanitupia na soksi juu, nikaondoka na kitabu nimekikumbatia.

Nyumbani nikapiga picha kila ukurasa kwa simu, nikianzia kushoto kama tulivyofundishwa shule, nikaziweka kwenye flashi ili zionekane kwenye televisheni. Ukurasa wa kwanza kabisa ulikuwa na mshale mkubwa na alama za mshangao tele. Nikajua ni tangazo la duka. Nikauruka.

Jumamosi mchana banda likajaa, Hajati yuko nyuma na mtandio wake, nikawasha. Picha ya kwanza: jitu lenye vichwa vitatu limelala chali, mshale kifuani. Picha ya pili: mshale uko hewani. Ya tatu: mshale uko kwenye upinde wa yule kijana wa bluu. Damu ikanichemka, nikaelewa papo hapo!

"Ndugu watazamaji," nikanguruma, "huyu ni daktari! Anang'oa mshale kifuani mwa mgonjwa bila hata kumgusa!"

"Mikono sita, atashindwaje!" mtu akadakia, banda zima likalipuka.

Jitu likasimama, limepona. Kikatokea kijiji majivu matupu, halafu kijiji kinawaka, halafu moto uko mdomoni mwa jitu, halafu kijiji kizima, kuku wanadonoa uani. "Limeumeza moto wote!" nikapiga kelele mpaka kipaza sauti kikakoroma. "Limeungua tumbo ili watu wapone!" Bibi Anastazia, yule muuza samaki wa migebuka, akasimama mikono kichwani: "Yemwe! Jitu lina huruma kuliko mume wangu!" Akalia kweli, machozi, akajifuta kwa khanga. Yule wa bluu naye kila ukurasa akawa mdogo, akawa mtoto, akawa kichanga, nami sikubabaika hata kidogo. "Kazi yake imekwisha," nikasema kwa sauti ya kanisani, "sasa anazaliwa upya!" Makofi! Hajati mwenyewe akapiga makofi. Nikawa tayari nimekaa Kibondo, kiti cha plastiki, mguu juu ya mguu.

Hapo akasimama Dada Esperansi, fundi cherehani wa kibanda cha jirani. Wazazi wake walitoka Burundi, na Kifaransa alifundishwa na baba yake.

"Kaka Radi, samahani. Kitabu umekianzia mwisho."

"Kaa chini, dada!" watu wakamzomea. Ningenyamaza, yangepita. Lakini mimi kushinda kunanilevya, nikampa kitabu mbele ya wote. "Haya, tuoneshe huo mwanzo!"

Akafungua ule ukurasa wa mshale, akausoma, akaugeuza kwa Kiswahili taratibu: "Simama! Vitabu vya Kijapani husomwa kutoka kulia. Hapa ulipo ni mwisho wa hadithi."

Akachukua rimoti mkononi mwangu, akaanza kubonyeza kurudi nyuma. Kichanga kikazaliwa, kikakua. Kijiji kilikuwepo na kuku wake. Jitu likaja, likafungua mdomo, moto ukatoka. Na yeye hakupayuka, alisoma tu, na kila kilichoungua alikitaja: ghala, ng'ombe, kitanda cha mtoto. Mshale ukatoka kwenye upinde.

"Kumbe nimemlilia mchoma nyumba!" Bibi Anastazia akanigeukia. "Radi! Nirudishie machozi yangu!"

Walicheka mpaka benchi moja likaanguka. Mimi nilikuwa natafuta mlango, Hajati akaniita.

"Wewe unapenda hesabu. Walikuwa wangapi ukisimulia?"

"Sitini na tatu."

"Na sasa?"

Nikahesabu. Sabini na mmoja, waliokuwa wanapita njia wameingia. Nikahesabu tena nikiomba wapungue. Sabini na wawili.

"Hakuna aliyetoka ulipokuwa unaongea wewe, hilo ni kweli," Hajati akasema. "Ila wewe ungeendelea mpaka kesho bila kujua. Kibondo ataenda Esperansi."

Sikubishana bei. Yuko huko hadi leo, na nasikia viti vimeongezwa. Mimi bado niko Kasulu na mabenchi yangu, na nimeapa: lugha nisiyoijua sitaifungulia mdomo kabla sijauliza. Kutoka mlango wa banda letu hadi ilipokuwa cherehani ya Esperansi ni hatua tisa tu. Nilizipima baadaye, kwenda na kurudi.