Tisa kwa Mbili

Jenereta ya jirani ikiwaka, harufu ya petroli hunirudisha Kashikishi, kando ya Ziwa Mweru, miaka ya sabini. Na wenzangu, siwafichi: anayerudi ni mimi wa miaka kumi, niliyejaa wivu hadi kooni.

Nilimwonea wivu Solange, rafiki yangu. Baba yake, mchuuzi wa samaki, alirudi kutoka Lubumbashi na televisheni na mchezo wa kuchomeka humo: vijiti viwili vyeupe vikirushiana mpira, na wa kwanza kufikisha pointi kumi na tano ndiye mshindi. Kwetu tulikuwa na isolo tu, bao la mashimo ardhini na kokoto. Kipya kinyemi ingawa kidonda, nami nilikitamani kidonda hicho. Kibaya zaidi, Solange alinishinda kila siku.

Alasiri moja nikawa mbele, tisa kwa mbili. Mara baba yake, Papa Solange, akachungulia, dumu la petroli la jenereta mkononi.

"Batoto, esansi inaisha. Leo inatosha."

Kwenye isolo, mama akikuita, mchezo unaachwa ulivyo na kufunikwa ungo, na hakuna anayethubutu kugusa kokoto hadi kesho. Basi nikaomba ungo jikoni, nikaifunika televisheni. Solange hakucheka, alinisaidia kuuweka sawa.

Kesho yake tukafunua, jenereta ikawaka. Sufuri kwa sufuri.

"Ni weye ulifuta!" nikafoka.

"Miye? Sikugusa kitu, Mwape. Ngoja. Naacha mipira tisa ipite, urudi kwenye ulikuwa. Kisha unipe zangu mbili."

Akasogeza kijiti chake pembeni. Mpira wa kwanza ukapita, na wa pili. Mimi niliona dharau tupu: mwenye navyo ananipa sadaka ya kilicho changu. Nikaondoka, nikamtangaza sokoni kote kuwa ni mwizi. Hatukusemezana tena hadi familia yao ilipohama.

Nilikuwa mtu mzima, naishi Ndola, siku fundi mmoja wa redio aliponieleza kuwa mashine zile hazikuweka kumbukumbu yoyote: ukizima, zimesahau. Nilicheka naye kidogo, kisha kicheko kikaniisha. Asubuhi ile, katika kelele zangu zote, sikuwa nimetaja hesabu. Solange ndiye aliyeitaja, tisa zangu na mbili zake, na angeweza kabisa kusema hakumbuki.