Kitabu Kilicholiwa na Mchwa

Vitabu vya maktaba yetu vilikuwa vikirudi shuleni vinanuka moshi. Vingine vilirudi na alama nyeupe za vidole kwenye kurasa, na kimoja kilirudi na ganda la korosho katikati, limewekwa kama alama ya mahali msomaji alipofikia. Mimi ni mwalimu wa maktaba katika shule ya msingi huku Kurui, na hasira zangu ziko karibu, hilo kila mtoto analijua. Nilikuwa nakinyanyua kitabu mbele ya darasa na kuuliza ni nani aliyekigeuza sahani. Jibu lilikuwa lile lile kila mara.

"Si mimi, mwalimu. Ni bibi."

Nilidhani wanawasingizia bibi zao, kwa kuwa bibi hawezi kuitwa ofisini. Kumbe walisema kweli. Alasiri wanawake hukaa kwenye mikeka wakimenya mihogo ya kuanika makopa, na mtoto aliyerudi na kitabu husamehewa kazi. Huketi katikati yao na kusoma kwa sauti. Anayetaka kuona picha hunyoosha mkono kama ulivyo, na wanga wa muhogo ukishakauka kwenye karatasi hautoki. Kitabu alichoazima mtoto mmoja kilikuwa kinasomwa na nyumba nzima, wakati mwingine na nyumba ya jirani pia.

Hata baada ya kulijua hilo sikuacha kufoka. Nimekulia Mkuza, kule Kibaha, kwa mama aliyeamini kwamba mtu anayekunja ukurasa hatashindwa kuiba kuku. Kila shule zilipofunguliwa tulijalidi vitabu vyetu kwa karatasi ya kaki, na gundi tuliipika wenyewe kwa unga wa ngano. Tulinawa mikono kabla ya kusoma kama watu wanaokwenda kula. Namshukuru mama kwa hilo mpaka leo, ingawa ndilo lililonifanya niwe mwalimu wa kuogopwa.

Kwa hiyo vishikwambi vya kusomea vilipoletwa shuleni, nilifurahi kuliko watoto. Nilipelekwa semina Kibaha mjini, nikarudi najiona fundi. Hivi ndivyo vitabu visivyonuka moshi, nikasema moyoni. Kioo unakifuta kwa kitambaa na mambo yamekwisha. Kulikuwa na mtoto wa darasa la nne ambaye miaka yote alisoma pua ikiwa imegusa karatasi. Siku ya kwanza nilimwonyesha namna ya kukuza herufi kwa vidole viwili. Akazikuza, akaketi wima kama wenzake, akasoma ukurasa mzima bila kuinama. Nilishukuru mpaka machozi yakanilenga, nikajifanya natafuta funguo.

Sharti la vishikwambi lilikuwa moja: visitoke nje ya maktaba. Jioni vinaingia kwenye kabati la chuma, vinachajiwa, na funguo ninazo mimi. Kisha mwalimu mkuu akaniambia nivichambue vitabu vichakavu vichomwe moto, tupate nafasi ya meza mpya. Sikubisha. Niliacha kuazimisha vitabu vya karatasi, nikachukua boksi nikaanza.

Cha kwanza kuingia ndani ya boksi kilikuwa hadithi ya kijana aliyemuaga mama yake na kwenda kutafuta kazi migodini. Mchwa walikuwa wamezila kurasa za mwisho. Hadithi ilikatika kijana akiwa ameshika tiketi ya basi la kurudi kwao, na sentensi yenyewe iliishia katikati. Nilikitupia humo bila hata kukifungua mara ya pili.

Sikujua kwamba Kurui nzima ilikuwa imebishana juu ya kitabu hicho kwa miaka. Kwa kuwa hakikuwa na mwisho, kila mkeka ulikuwa na mwisho wake. Wapo waliosema kijana aliuza tiketi akaoa huko huko. Wapo waliosema alirudi na gari na bati za kumwezekea mama yake. Bibi mmoja tu ndiye aliyekataa kuongeza neno. Yeye alisema kijana yuko njiani, basi.

Bibi huyo nilimfahamu kwa sababu mjukuu wake, msichana wa darasa la sita, ndiye msomaji wangu hodari kuliko wote. Mtoto wa mwisho wa bibi aliondoka zamani kwenda kutafuta kazi migodini. Mwanzoni alikuwa akipiga simu, baadaye simu ikawa haipatikani. Watu waliona haya kumuuliza bibi habari zake, na yeye mwenyewe hakumtaja. Alimtaja yule wa kitabuni.

Siku moja msichana aliikuta hadithi ile ile kwenye kishikwambi.

"Mwalimu, huku haijaliwa!" akapiga kelele, maktaba nzima ikacheka.

Alisoma mpaka mwisho. Kisha akakifunika kishikwambi, akaomba ruhusa ya kwenda kunywa maji, na siku ile hakusema tena. Nilidhani ni tumbo. Lakini kimya kingi kina mshindo mkuu, na kesho yake asubuhi bibi alikuwa mlangoni pa maktaba, amejifunga kanga mbili, mjukuu nyuma yake macho chini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye hicho kioo?"

"Ndimi, bibi. Karibu."

"Huyu kaniletea mwisho wa hadithi. Nimemwambia kautunga. Tangu lini hadithi ikasomwa bila kitabu? Mtoto anarudi mikono mitupu, halafu ananiambia mwisho ni huu! Nimekuja nikusikie wewe."

Nilimpa kiti, akachagua benchi la wanafunzi. Nilikiwasha kishikwambi nikaufuata mwisho kwa macho kwanza, na hapo nikaelewa yale maji ya kunywa ya jana yalikuwa ya nini.

Nilifikiria kuugeuza. Bibi hajui kusoma. Ningeweza kumshusha kijana kwenye basi, nikamchinjia kuku, na bibi angeondoka anatabasamu. Lakini msichana alikuwa ananitazama. Alikuwa ameitwa mwongo kwa kusema kweli, na kama ningedanganya ningemthibitisha kuwa mwongo mbele ya bibi yake.

Nikasoma. Basi lilifika jioni. Kondakta akashusha begi la kijana, akaulizia nyumba ya mama yake. Mwenye begi hakushuka.

"Soma tena," bibi akasema.

Nikasoma tena, polepole. Watoto waliokuwa ndani waliacha kufungua madaftari.

"Hicho hakikosei?"

"Hakikosei, bibi. Ndivyo ilivyoandikwa."

Alimvuta mjukuu wake akamkalisha kwenye benchi. "Nisamehe, mama yangu," akamwambia. "Hukuutunga." Msichana akalia, na bibi akalia, na mimi mwenye hasira zangu nikaenda kuwatafutia maji.

Alipotulia, bibi aliuliza kile cha mchwa kiko wapi. Nilikitoa kwenye boksi. Nikamweleza kwamba kitachomwa, kwa sababu kimeharibika na hakina mwisho, na mwisho wenyewe sasa tunao. Akakipokea kwa mikono miwili. Alipapasa ule ukingo ulioliwa, taratibu, kama anayetafuta kijiwe kwenye mchele.

"Usikichome, mwanangu," akasema. "Humu bado yuko njiani."

Sikukichoma hicho wala vingine. Nilimwendea mwalimu mkuu, naye, Mungu ambariki, hakuniuliza maswali mengi. Meza mpya tulizibananisha upande mmoja, na rafu ya vitabu vya kwenda nyumbani ikabaki upande wa pili. Vishikwambi tunavisoma kila siku, na yule mtoto wa darasa la nne sasa ananizidi mimi kwa kuvijua. Alasiri wenzake wanapanga foleni kwenye rafu, kila mmoja anachukua cha kusomea mkekani. Nashukuru kwa vyote viwili. Zaidi nawashukuru wale wanawake, walioshika vitabu vyangu miaka yote hiyo kwa mikono niliyoiita michafu.

Kitabu cha mchwa nilikijalidi mwenyewe kwa karatasi ya kaki, na gundi niliipika kwa unga wa ngano. Msichana hukiazima mara kwa mara. Mwisho anaujua, na bibi anaujua, lakini wanasoma mpaka pale kwenye tiketi na kukifunika. Juzi kilirudi tena kinanuka moshi, na kwenye ukurasa wa mwisho, pale pale mchwa walipoachia, kulikuwa na alama nyeupe ya kidole. Nilikuwa na kitambaa mkononi. Nikakirudisha kitabu rafuni kama kilivyo.